Lantana imerudi baada ya kufyekwa: tufanye nini na eneo letu la wazi?

*"Mtaani kwetu Mbezi Beach kuna eneo la wazi la kama ekari mbili. Manispaa imeturuhusu tulitunze liwe bustani ya watoto na wazee. Zaidi ya nusu ni kichaka cha lantana, ile yenye maua ya pinki na manjano. Mwezi wa pili tulichangishana, tukakodi vijana, wakafyeka chote mpaka chini pakawa peupe. Masika ilipokwisha kichaka kilikuwa kimerudi, tena kimefungana kuliko mwanzo. Sasa kamati imegawanyika. Wapo wanaotaka tupige dawa, wapo wanaotaka tuchome moto, na wapo wanaosema tusafishe tena, tuweke ukoka na miti ya mapambo, basi. Mimi nimependekeza miti ya asili ya Pwani, lakini mzee wetu mmoja kasema miti hiyo haikui na italeta nyoka. Pia miarobaini inajiotea kila mahali na hakuna anayetaka kuigusa kwa sababu ni dawa. Upande wa nyuma unateremkia korongo. Tuanzie wapi?"*

Pole kwa michango. Kwanza niwatetee wale vijana: hawakufanya kazi mbovu. Walifyeka walivyoagizwa, na lantana ikafanya kile inachofanya kila inapofyekwa. Nikikusoma vizuri, una hofu mbili. Ya kwanza ni kwamba hamwezi kurudi kwa wananchi kuomba hela ya kazi ileile. Ya pili, hutaki bustani igeuke pori ambalo mama hawezi kulipita jioni akitoka dukani. Hofu zote mbili zina msingi na zote zina jibu, ila jibu lenyewe litawataka mwende polepole kuliko kamati inavyotamani.

Lantana, ambayo sehemu nyingine huitwa mvuti, asili yake ni nchi za joto za bara la Amerika. Ilisambazwa duniani kama mmea wa mapambo na wa wigo, na hadi leo utaikuta imekatwa vizuri mbele ya nyumba za watu. Kichaka kilichokomaa huzaa vitunda vidogo vya kijani ambavyo vikiiva huwa vyeusi na kung'aa, maelfu kwa mwaka, na ndege wanavipenda. Shore anakula, anaruka, anatua kwenye waya au tawi, anadondosha kinyesi chenye mbegu. Chunguza eneo lenu: bila shaka miche michanga imejaa zaidi chini ya miti na kando ya ukuta, pale ndege wanapopenda kutua. Hakuna mtu aliyeipanda hapo, na hakuna fyekeo litakalomzuia shore asirudi.

Kwa nini basi imerudi imefungana zaidi? Nenda na jembe kwenye kisiki kimoja kati ya vile vilivyofyekwa. Fukua udongo taratibu kukizunguka mpaka uone pale shina linapokutana na mzizi. Utakuta pamevimba kidogo, gome lina makunyanzi, na kwenye makunyanzi hayo kuna vichomozo vidogo sana, vingine vyekundu kidogo, vingine vimeshaanza kutoa majani. Hivyo ni vichipukizi vilivyokuwa vimelala. Shina likiwa zima, ncha zake huvizuia visiamke. Fyekeo likipita, kizuizi kimeondoka, na kisiki kilichokuwa na shina moja kinatoa matano au sita kwa mpigo, yote yakilishwa na mizizi ambayo haikuguswa hata kidogo. Lakini endelea kufukua. Sentimita chache chini ya uvimbe ule, mzizi ni laini, hauna vichomozo, na kwa kawaida ukikatwa hapo hautoi kitu tena. Hizo sentimita chache ndizo zinazoamua kama michango yenu itadumu au la.

Kuna jambo la pili lililotokea bila mtu kuliona. Chini ya kichaka kulikuwa na mbegu zilizodondoka mwaka baada ya mwaka zikalala kwenye kivuli. Mlipofyeka Februari, jua likafika chini. Machi masika ikaanza. Mbegu zikapata mwanga, joto na maji kwa wakati mmoja, na hapakuwa na mmea mwingine wa kugombania nao nafasi. Kwa hiyo kinachowatesa zaidi ya kichaka chenyewe ni uwazi unaobaki kichaka kikiondoka. Ushauri wangu wote unatoka hapo: msisafishe hata mita moja ambayo hamko tayari kuipanda msimu huohuo na kuirudia kwa palizi.

India, ambako lantana imevamia misitu mingi, watafiti wa Chuo Kikuu cha Delhi walipendekeza njia rahisi ambayo mtu yeyote mwenye jembe anaiweza. Mnapunguza matawi kwa panga ili mfike shinani. Kisha jembe linapigwa chini ya ule uvimbe, sentimita tatu hadi tano ndani ya ardhi, kichaka kinalala, kinanyanyuliwa na kugeuzwa mizizi juu ili kisiki kikauke juani badala ya kushika tena udongo. Vichaka vilivyong'olewa virundikwe mahali pamoja palipo pakavu, kwa sababu tawi la lantana likilazwa kwenye udongo wenye unyevu laweza kuota mizizi. Vitunda vilivyoko kwenye matawi vikusanywe kwenye viroba kabla ya kuburuta kitu chochote, la sivyo mtakuwa mnapanda huku mnang'oa. Vijana wavae glavu na mikono mirefu, maana mashina yana vimiba. Na msimpe mtu majani hayo akalishe mbuzi au ng'ombe. Lantana ina sumu inayoharibu ini la mifugo na kuifanya ngozi iungue ikipigwa na jua. Watoto nao waambiwe wasile vitunda, hasa vibichi.

Wakati wa kufanya kazi hii ni muhimu sawa na namna ya kuifanya. Februari ardhi ya Dar ni kavu, jembe linadunda, mtu akichoka anakata juu juu, na hapo mmerudi kwenye kufyeka. Mwakani punguzeni matawi mwishoni mwa Februari, msubiri mvua za kwanza za Machi zilainishe udongo, ndipo mng'oe. Pandeni papo hapo, isivuke katikati ya Aprili, ili miche ipate masika iliyobaki ishike kabla ya kiangazi. Vuli ya Oktoba hadi Desemba siitegemei kwa upandaji mkubwa, kwa sababu mwaka mmoja inakuja vizuri na mwaka mwingine inawaacha na ndoo mkononi. Itumieni kuziba mapengo ya miche iliyokufa.

Halafu inakuja kazi ambayo kamati nyingi hazitengi hela yake. Juni, masika ikiisha, miche mipya ya lantana itakuwa imesimama urefu wa kiganja. Wakati huo inang'oka kwa vidole viwili. Ikiachwa hadi mwaka unaofuata inahitaji jembe na kibarua. Rudieni tena Januari baada ya vuli, na msihesabu kazi imekwisha kabla ya miaka mitatu, maana mbegu nyingine hukaa ardhini zikiwa hai kwa miaka kadhaa. Afrika Kusini serikali iliunda mpango mkubwa mwaka 1995 wa kuwalipa watu wasio na ajira waondoe mimea vamizi, na somo ambalo wataalamu wa huko hawachoki kulirudia ni kwamba usafishaji wa kwanza bila marudio ni hela iliyotupwa. Kwa hiyo kama mkoba wenu unatosha kusafisha ekari moja, safisheni nusu ekari, na nusu ya hela iwekeni kwa ajili ya palizi.

Nusu ekari ipi? Hapa nafikiri mtashangaa. Kamati hupenda kuanza pale pabaya zaidi kwa sababu ndipo panapowakera wapita njia. Mjini Sydney, Australia, dada wawili, Joan na Eileen Bradley, walianza miaka ya 1960 kung'oa mimea vamizi, lantana ikiwemo, kwenye vipande vya pori vilivyobaki kati ya makazi. Walichogundua ni kuanza pale ambapo mimea ya asili bado ina nguvu, kusogea kidogo kidogo kuelekea pabaya, na kuiacha mimea ya asili yenyewe ipange kasi. Pale inapojaza, unasogea. Pale isipojaza, unasubiri. Njia hiyo imefuatwa na wengi tangu wakati huo, nami naiamini.

Kwenu ina maana hii. Kabla ya panga lolote, pitieni eneo zima mkitafuta mimea ya asili iliyojiotea ndani na pembeni ya kichaka: mkwaju mchanga, msada, mkole, mjafari wenye miba shinani, mtopetope mwitu, labda mbungo unaotambaa. Fungeni kitambaa chekundu kwenye kila mmoja. Miche kama hiyo huwa ipo kuliko watu wanavyodhani, na mara nyingi ndiyo inayoenda na fyekeo pamoja na lantana kwa sababu hakuna aliyeitofautisha. Mche mmoja wa msada uliojiotea wenyewe una mizizi ambayo mche wa kununua utahitaji misimu kuifikia.

Korongo ni habari tofauti. Huko nyuma lantana, pamoja na ubaya wake wote, kwa sasa ndiyo iliyoshika udongo. Mkiing'oa yote kabla ya masika, mvua moja kubwa itaondoka na kingo, na ukuta wa jirani unaweza kufuata. Acheni upande huo uwe wa mwisho, na ukifika wakati wake fanyeni kwa mistari inayokata mteremko, mstari mmoja unang'olewa na kupandwa huku wa juu yake ukibaki. Kama korongo lina maji yanayotiririka, kumbukeni pia kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka kingo za mito na fukwe, kwa hiyo kazi ya huko iende kwa ushauri wa manispaa kwa maandishi.

Wanaotaka moto niwajibu kwa ufupi. Lantana iliyoungua juu huchipua chini kama iliyofyekwa, ila safari hii majivu yameirutubisha na miche ya asili yote imekufa. Achilia mbali kwamba mko katikati ya nyumba za watu.

Wanaotaka dawa nawaelewa zaidi, kwa sababu imeonekana ikifanya kazi mashambani. Lakini glifoseti, ambayo maduka mengi ya pembejeo wanayo, ikipulizwa kwenye majani inaua karibu kila jani la kijani inaloligusa, ikiwemo ile miche mliyoifungia kitambaa. Baadaye unabaki na uwazi uleule niliouzungumzia, na mbegu zilizo ardhini hazijaguswa. Mbezi Beach ina upepo wa bahari karibu mchana kutwa, na matone yataishia kwenye kamba ya nguo ya jirani. Mwaka 2015 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliiweka glifoseti kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani. Mamlaka za udhibiti za nchi kadhaa hazikukubaliana na hitimisho hilo, na ubishi haujaisha. Kwenye uwanja wa watoto mimi sioni sababu ya kubahatisha kwa ajili ya kichaka ambacho jembe linakimaliza. Nafasi ninayoipa dawa ni ndogo: visiki vya miti inayochipua sana, vipakwe kwa brashi dakika ileile mti unapokatwa, kwa dawa iliyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, na mtu mwenye mafunzo. Kando ya kisima au korongo, hapana.

Na akitokea mjumbe aliyesikia kwamba kuna wadudu wanaokula lantana, ni kweli wapo, na wamejaribiwa duniani tangu mwaka 1902 kule Hawaii. Afrika Mashariki aliletwa mdudu mdogo aitwaye Teleonemia scrupulosa. Uganda alikuja kukutwa akishambulia ufuta wa wakulima. Uamuzi wa namna hiyo ni wa taifa baada ya utafiti wa miaka, haufanywi na kamati ya mtaa.

Sasa mwarobaini, na hapa naomba wazee wenu wanivumilie. Mti huu tunaupenda, umetutibu, umetupa kivuli vituoni na misikitini, lakini asili yake ni kusini mwa Asia. Katika vichaka vya Pwani umejifunza kujiotea wenyewe, ndege na popo wakibeba mbegu, na ukisongamana hauachii miti mingine nafasi. Sisemi mkate miarobaini mikubwa. Ile yenye kivuli pale wazee wanapokaa ibaki, na atakayetaka majani ya dawa atayapata hapo. Ninachosema ni kwamba inayojiotea ing'olewe ingali michanga, hasa ndani ya sehemu mtakayopanda miti ya asili. Habari njema ni kwamba mbegu ya mwarobaini haidumu. Wiki chache hadi miezi michache ikiwa imelala ardhini, imekufa. Mking'oa miche ya mwaka huu, itakayoota mwakani itatoka kwenye miti iliyopo jirani tu, hakuna akiba iliyojificha udongoni.

Mlusina ni kinyume chake kabisa. Kama upo, ule wenye majani madogo madogo na maganda bapa ya kahawia yanayoning'inia kwa mafungu, ushughulikieni mapema kabla maganda hayajakauka. Umetoka Meksiko na Amerika ya Kati, ulisambazwa kama mti wa malisho na kuni, na mbegu yake ina ganda gumu linaloweza kuingoja mvua kwa miaka kumi na zaidi. Hapa ndipo kisiki cha kupakwa dawa, au kumenywa gome lote hadi chini ya udongo, kinapoingia.

Msije mkaelewa kwamba kila mti wa kigeni ni adui. Mwembe umetoka Asia, mkrismasi umetoka Madagaska, na yote miwili hukaa pale ilipopandwa bila kumsumbua mtu. Na si kila wa asili ni mpole. Mkulajembe ni wa kwetu, lakini kwenye ardhi iliyochoshwa unaweza kufunga njia kwa miba yake. Swali la kuuliza kuhusu mti ni kama unajieneza wenyewe na kuwazima wenzake.

Hayo ya kung'oa yamekwisha, na sehemu ninayoipenda zaidi ndiyo hii. Dar tumezoea miti ya kigeni muda mrefu. Bustani ya Mimea iliyo jirani na Makumbusho ya Taifa ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1893, na kazi yake kubwa ilikuwa kujaribu mimea iliyoletwa kutoka ng'ambo. Tangu hapo mtu akisema bustani nzuri, picha inayomjia ni miti iliyonyooka kwa mstari na udongo uliofagiliwa. Lakini mji huu umejengwa juu ya uoto wake mwenyewe, misitu na vichaka vya pwani vinavyopatikana kwa vipande kutoka kusini mwa Somalia hadi Msumbiji, vyenye mimea mingi isiyopatikana penginepo duniani. Kuna mti ambao jina lake la kisayansi limebeba jina la Pugu, Baphia puguensis. Kuna komba mdogo wa Rondo, mnyama aliye hatarini kutoweka, ambaye ameonekana Pugu na Pande, mahali ambapo daladala karibu zinafika.

Kwa hiyo kabla ya kununua mche hata mmoja, panga safari na kamati, na yule mzee awe wa kwanza kualikwa. Nendeni Pugu-Kazimzumbwi upande wa Kisarawe, au kama hela ni ndogo muombe kuzunguka mabaki ya vichaka kwenye kampasi ya Chuo Kikuu, Mlimani. Mkiwa ndani ya msitu angalieni chini. Kuna majani makavu yaliyolaliana, miche inayosubiri nafasi, vichaka vya kimo cha mtu, mitambaazi, halafu miti mirefu juu ya vyote. Kisha angalieni lantana iko wapi. Mtaiona zaidi kando ya barabara na palipokatwa miti. Ndani, kwenye kivuli kizito, inapungua. Hicho kivuli cha tabaka kadhaa ndicho mnachotaka kukijenga, na ndiyo sababu miti ya mapambo kumi iliyosimama juu ya udongo mtupu haitawasaidia. Itakuwa miti kumi ya shore kutulia, na chini ya kila mmoja lantana mpya.

Kuhusu miti ya asili kutokua, mzee ana haki nusu. Mpingo huchukua miongo mingi, na akiupanda leo ataufaidi mjukuu. Mkwaju nao huanza taratibu. Lakini mikenge hukua haraka, mtalawanda hautachelewa kuwaonyesha maua yake ya manjano, na mkuyu hata tawi nene lililochomekwa masika laweza kushika. Siri ni kuchanganya: inayokua haraka itoe kivuli cha mapema, na chini yake ipandwe inayokwenda polepole, mkongo, mnangu, mpingo mmoja au miwili. Katikati wekeni vichaka vya matunda, msada, mkole, mtopetope mwitu. Hivyo vitamrudisha shore yuleyule, na safari hii atakuwa anawapandia nyinyi.

Kuhusu nyoka siwezi kuwaahidi kwamba hatapita hata mmoja. Nyoka hufuata panya, na panya hufuata takataka na vichaka visivyopitika. Hicho mlicho nacho leo ndicho kinachomfaa zaidi. Sehemu ya miti inayotembelewa, isiyo na taka, yenye njia zinazofagiliwa, haimpendezi hivyo. Akimuuma mtu, ni hospitali mara moja, bila kuchanja wala kufunga kamba.

Hofu ya usalama jioni naichukulia kwa uzito zaidi ya nyoka. Msigeuze ekari mbili zote kuwa msitu. Acheni sehemu ya wazi ya ukoka kwa watoto kucheza. Lantana haistahimili kukatwa na kukanyagwa kila wiki ingali mche, kwa hiyo wenye hoja ya ukoka wana haki yao hapo. Kando ya kila njia acheni mita tatu za mimea mifupi, ili anayepita aone mbele na nyuma, na matawi ya chini ya miti iliyo karibu na njia yapunguzwe hadi juu ya kichwa. Sehemu iliyofungamana iwe ndani na upande wa ukuta.

Kwa mwaka wa kwanza mimi ningechukua mita za mraba 500 tu. Miche ikikaa mita mbili kwa mbili, hiyo ni kama miche 125, idadi ambayo mtaa unaweza kuiotesha wenyewe. Vitalu vingi vya kando ya barabara haviuzi miti ya asili, lakini mkiagiza mapema wapo watakaokubali kuotesha, na ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu iulizwe kuhusu mbegu. Nyingine mtaokota. Mkongo una ganda pana gumu, na ndani mna mbegu nyeusi zenye kofia nyekundu. Toeni kofia, kwaruzeni ganda la mbegu kidogo upande wa pili, lowekeni usiku mmoja. Mkwaju vilevile. Mbuyu unahitaji maji ya moto, kwa sababu ganda lake halipitishi maji kirahisi. Jazeni viriba Septemba ili Machi miche iwe imekomaa. Udongo wa viriba msiuchote chini ya lantana. Na miche msiing'oe hifadhini, ni kosa chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002.

Mkishapanda, lile rundo la lantana iliyokauka kabisa, isiyo na vitunda, likatwekatwe liwe matandazo kuzunguka miche, bila kugusa shina. Kiangazi cha kwanza mwagilieni mara chache lakini maji mengi, ili mizizi izame badala ya kuelea juu.

Kuna mambo ambayo siwezi kuyaamua kwa kusoma barua. Mteremko wa korongo lazima mtu auone, na wa kuanza naye ni afisa misitu au mazingira wa manispaa, kupitia mtendaji wa mtaa. Huyohuyo ndiye wa kutoa kibali kabla ya kukata mti wowote mkubwa, na mti ulio karibu na nyaya ni wa TANESCO, si wa vijana wenye panga. Mmea msioujua, kateni tawi lenye maua au matunda, libaneni kati ya magazeti, lipelekeni Idara ya Botania ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako kuna mkusanyiko wa mimea iliyokaushwa ya kulinganishia. Ruhusa ya manispaa nayo iwe kwenye karatasi yenye mhuri, kwa kuwa eneo la wazi likishapendeza hupata wenyewe ghafla. Na kwenye muhtasari wa kikao kitakachopitisha mpango huu, andikeni majina ya watakaopalilia Juni kabla ya kuandika ya watakaong'oa Machi.